Ndama wa Banda la Nasibu

Bernadina Jilala hajui kukaa. Katika minada ya Msalala na Kahama wanamwita Mama Violeth, na mtu akimtafuta haulizi yuko wapi, anauliza leo ni siku gani. Kila siku ya wiki ina mnada wake, na ukishaijua siku umeshajua Bernadina katandika wapi turubai lake la bluu. Anauza nguo za watoto za mitumba. Hufungua belo mbele ya wateja, hulimwaga lote, kisha hushika kipaza sauti na kuanza kuita, huku spika ndogo nyuma yake ikipiga kwaya. Jua likianza kuegemea, wafanyabiashara wote hupakia mizigo kwenye Fuso moja na kupanda juu yake, wakikaa juu ya mabelo mpaka nyumbani. Maisha hayo ameyaishi mwaka wa kumi na moja sasa, na ana miaka thelathini na miwili.

Nyumbani kwake ni Bugarama, vyumba viwili vya kupanga. Anaishi na binti yake Violeth, wa darasa la tatu, na mumewe Chacha, mtu wa Tarime, ambaye ni msimamizi wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Chacha si mtu wa maneno mengi, ila huwa anasema kwamba mke wake hata akila, mguu mmoja uko mlangoni. Jumapili, siku isiyo na mnada, ndiyo humsumbua kuliko zote. Akitoka kanisani hufagia uwanja ambao Violeth ameshaufagia. Hufungua belo, hukunja nguo upya, hulifunga tena. Akimaliza hutazama huku na huku kama mtu aliyesahau kitu.

Upande mmoja tu wa nchi ile alikuwa hajawahi kuukanyaga, nao ni Ushetu. Wenzake walimshangaa. Wakati wa masoko ya tumbaku, walisema, huko nguo za watoto zinagombewa kama maji ya kisima. Bernadina alikuwa akijibu kwamba barabara ya kule ni mbaya. Walicheka, maana kulikuwa na barabara gani nzuri katika zile walizozipita kila siku?

Mwezi wa tano mwaka huu alikwenda Kahama mjini kuongeza nyimbo kwenye flash ya spika yake. Mwenye duka, baba mmoja mnene aliyefunga taulo shingoni kwa sababu ya joto, alikuwa anapitisha picha za filamu kwenye kompyuta, akitafuta folda ya kwaya. Picha zilikuwa zinakimbia tu. Bernadina alikuwa anachungulia nje kuangalia bodaboda, kisha akarudisha macho kwenye kioo.

"Hebu rudisha nyuma," alisema.

"Kwaya ziko mbele, mama."

"Rudisha kidogo. Hiyo hapo."

Ilikuwa picha ndogo ya ndama mwekundu, amesimama peke yake mahali peupe kabisa, kipande cha kamba kinaning'inia shingoni. Alikuwa hajaiona picha ile kwa miaka ishirini na zaidi, na jina la filamu hakuwahi kulijua. Lililoandikwa pale lilikuwa la lugha ya Ulaya ambayo hata mwenye duka hakuweza kuisoma.

"Ni katuni ya zamani sana hiyo," yule baba alisema. "Haina tafsiri. Mtoto atachoka."

"Niwekee."

Mwaka alioiona mara ya kwanza, Bernadina alikuwa na miaka kumi. Baba yake, Mzee Jilala, alikuwa ameacha shamba la Didia na kuja kuchimba kwenye mashimo madogo ya kando ya Bugarama, na familia yote ikamfuata. Mama yao, Generosa, alikaa nao pale misimu miwili. Kisha akaenda Ushetu na kundi la wanawake, kufanya kibarua cha kuchuma tumbaku. Alisema ni msimu mmoja. Msimu ulipita, ukaja mwingine. Baba akiulizwa alijibu, "Mama yenu yuko kwenye tumbaku," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango, na hatimaye majirani wakaleta habari kwamba Generosa ameolewa huko na mwenye shamba.

Karibu na mashimo kulikuwa na banda la video la Nasibu. Nasibu alikuwa mtu wa Kigoma, mrefu, mwenye kofia ya kufuma, na kazi yake ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kifimbo mkononi akitafsiri. Filamu za Kichina alizitafsiri, za Kihindi alizitafsiri, na hakuna aliyejua kama anafahamu hata neno moja la lugha hizo. Wachimbaji waliingia jioni kuangalia mapigano. Watoto waliingia mchana, na kiingilio chao kilikuwa kumjazia Nasibu pipa la maji. Kwa ajili yao alikuwa na CD moja tu ya katuni, hiyo ya ndama.

Nasibu alimpa ndama jina la Bahati. Ile nchi nyeupe aliyokuwa akitembea ndani yake alisema ni mashamba ya pamba, pamba imeiva mpaka upeo wa macho na hakuna wa kuvuna, na watoto wa Kisukuma walisikitika kwa uvivu wa watu wa kule. Bahati alikata kamba, akatoka zizini, akatembea kumtafuta mama yake. Alivuka daraja la mbao na kulala msituni, siku nyingine akifukuzwa na mbwa. Mwishoni aliingia kwenye mji, na hapo, mbele ya nyumba moja, alikuwepo mama yake, ng'ombe mkubwa mwekundu. Bahati akamlamba shavu. Nasibu alishusha sauti akasema, "Mama, nimefika." Kisha akabadilisha sauti kuwa ya mama: "Nilijua utakuja."

Bernadina alichota maji ya kuingilia mara kumi na moja. Alihesabu. Kila akitoka mle bandani alikwenda kusimama barabarani, akitazama upande magari ya Kahama yanakotokea.

Basi Jumapili ile ya mwezi wa tano, mchana, Chacha akiwa karashani, alichomeka flash kwenye televisheni, akamwita Violeth wakae pamoja kwenye mkeka.

"Hii ndiyo nilikuwa naangalia nikiwa kama wewe," alimwambia. "Tulia uone."

Yeye mwenyewe hakutulia. Mara moja aliinuka kupunguza sauti, tena akainuka kufunga pazia. Watu wa kwenye filamu walizungumza lugha yao, na juu ya maneno yao alimsikia Nasibu waziwazi kichwani mwake, na kikohozi chake cha sigara. Violeth aliangalia kwa adabu. Alijua vizuri kwamba ile nyeupe ni theluji, akamwambia mama yake, na Bernadina akasema anajua. Lakini machoni pake bado ilikuwa pamba.

Baada ya muda mtoto aliuliza, "Mama, huyu anafuata nini?"

"Anamtafuta mama yake."

"Si anaufuata ule mkokoteni?"

Bernadina aliangalia. Kweli, kulikuwa na mkokoteni. Ulikuwa umebeba wanamuziki watatu, mmoja ana ngoma, mwingine zeze, wa tatu tarumbeta, na ulikuwa mbele ya ndama tangu mwanzo. Mkokoteni ukisimama, ndama anasimama. Wakianza kupiga, ndama anatikisa masikio na kuchapua mwendo. Alipotazama vizuri aliona ndama hana huzuni yoyote. Alikuwa anafurahi. Alikuwa anakwenda na muziki kama watoto wanavyofuata gari la matangazo.

Akasubiri mwisho. Ndama akaingia mjini. Ile nyumba ikatokea, na yule ng'ombe mwekundu mkubwa akiwa mbele yake. Ndama akamsogelea, akatoa ulimi, akalamba, na watu wote wa kwenye filamu wakaangua kicheko.

Violeth naye akacheka mpaka akalala chali. "Mama, analamba ukuta," alisema. "Ni picha. Wamechora ng'ombe ukutani, ni duka la maziwa."

Ilikuwa picha ukutani. Rangi ilikuwa imebanduka kidogo kwenye pembe moja, na chini yake palikuwa na mlango wenye madebe ya maziwa. Ndama aliporudisha ulimi ulikuwa na rangi nyekundu. Baada ya hapo kulikuwa na harusi, wanamuziki wakapiga, ndama akacheza katikati ya wageni, na mambo yakaishia hapo.

Violeth alitoka kwenda kwa wenzake. Bernadina alirudisha filamu mwanzo kabisa, zizini. Kulikuwa na farasi mzee, mabata, bibi mmoja aliyevaa kitambaa kichwani. Alitafuta ng'ombe jike hata mmoja. Aliirudia sehemu hiyo mara tatu, akiwa amesimama, uso karibu na kioo. Hakuwepo.

Wiki iliyofuata alifanya kazi kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Alimpa mteja gauni la mtoto mchanga wakati mteja anataka la miaka sita. Katikati ya kuita bei alisahau alikuwa anasema nini, kipaza sauti kikabaki kinakoroma hewani. Akiwa juu ya Fuso alisimama badala ya kukaa, mpaka dereva akateremka kumwambia ataanguka. Chacha alimuuliza kama anaumwa.

"Nasibu alitudanganya," alimjibu.

"Nasibu gani?"

Akaanza kumweleza, akaona maneno yanakuwa madogo mdomoni. Mwanamke mzima, mama wa mtoto, amekosa raha kwa ajili ya katuni. Aliacha katikati akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa hazijachafuka.

Alhamisi, badala ya kwenda mnadani, alipanda basi kwenda Didia kwa kaka yake Mabula. Baada ya baba yao kufariki kwa ugonjwa wa kifua, Mabula, aliyemzidi miaka mitatu, ndiye aliyerudi kulima shamba la nyumbani. Alimkuta uwanjani anapukuchua mahindi, amekaa kwenye kigoda, gunia mbele yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Bena. Leo mnada umekimbia wapi?"

Mkewe Mbuke alimletea kiti na maji. Bernadina alikunywa maji, kiti akakiacha. Alimuuliza Mabula kama anamkumbuka yule ndama. Mabula aliachia gunzi, akacheka taratibu.

"Nitamsahauje? Si yule aliyetuchosha kwa kuchota maji."

"Alikuwa hamtafuti mama yake. Nimeiangalia tena. Hakuna mama humo ndani. Nasibu alitunga tu, akawaliza bure watoto wa watu."

Mabula aliliokota gunzi. "Nasibu hakutunga," alisema. "Uliyetunga ni wewe."

"Mimi?"

"Siku ya kwanza Nasibu alitafsiri sawasawa. Alisema huyu ndama anapenda ngoma, anafuata wapiga ngoma aende akacheze. Wewe ukasimama katikati ya banda, gizani mle, ukasema, muongo, anamtafuta mama yake. Watu wakacheka. Ukarudia, unalia sasa. Nasibu akakutazama, akavua kofia, akaivaa tena, akasema, haya, mtoto amesema, anamtafuta mama yake. Tangu siku hiyo akawa anaisimulia hivyo hivyo. Hata ukiwa hupo."

Bernadina hakuwa na kumbukumbu hiyo kabisa. Alijaribu kulirudia banda kichwani, mabenchi ya magogo, turubai la ukutani lililotoboka, na msichana mdogo amesimama. Hakumwona.

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Nilidhani unajua. Si ni wewe mwenyewe uliyesema."

Kuku walikuja kudonoa punje zilizoruka, Mbuke akawafukuza kutoka jikoni. Kisha Mabula, bila kuinua macho kutoka kwenye gunzi, alisema, "Mama huwa anakuulizia."

"Mama gani?"

"Tuna mama wangapi, Bena? Kila mwaka nikimaliza kuvuna nakwenda Ushetu kumwona. Yule mzee aliyemuoa amekufa. Amebaki na shamba dogo, na magoti yake hayafai tena."

"Hujawahi kuniambia kwamba unakwenda."

"Nikitaja Ushetu unainuka. Hata sasa tazama, umeshainua mkoba."

Ni kweli, mkoba ulikuwa begani na alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea njiani. Hakukumbuka kuuchukua. Mbuke alimwita akale kwanza, ugali umeiva, naye akasema basi litamwacha. Lakini alipofika barabarani hakupunga gari lolote kwa muda mrefu. Magari mawili yalipita, akayaangalia yanavyokwenda.

Jumanne iliyofuata wenzake walipigwa na butwaa kumwona amepakia belo lake kwenye Fuso la Ushetu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu barabara. Mnada ulikuwa mkubwa kama walivyosema. Wakulima walikuwa wamepata malipo ya kwanza ya tumbaku na wanawake walinunua nguo za watoto bila kuzigeuza mara mbili. Saa saba mchana, biashara ikiwa imechanganya hasa, Bernadina alimwomba mwenzake amtazamie turubai. Aliuliza njia kwa jina la kijiji alilopewa na Mabula kwa simu, akachukua bodaboda.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, kwenye kivuli cha bani, ile nyumba ndefu ya udongo wanayokaushia tumbaku. Miguu aliinyoosha mbele, na pande zote kulikuwa na mafungu ya majani makavu. Alikuwa anachambua, ya njano huku, ya kahawia kule, yaliyoungua pembeni. Alikuwa mdogo kuliko Bernadina alivyomkumbuka. Kichwa alikuwa amekifunga kanga, na mikono ilikuwa imeingia rangi ya tumbaku mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Aliinua macho, akaweka mkono juu ya paji la uso kukinga jua. Akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Bernadina," alisema. Hakusema kwa mshangao. Alilitaja jina kama anayehakikisha bado analijua. Kisha akamjulia hali kwa Kisukuma, akimwita mama kama binti anavyoitwa: "Mhola, mayu?"

"Mhola, mama."

"Kaa."

"Nimekuja mnadani. Gari linaondoka saa kumi."

"Saa kumi bado. Kaa."

Alichuchumaa ukingoni mwa mkeka, visigino juu. Mama alimsukumia fungu la majani, na kwa kuwa mikono ilikuwa haina kazi Bernadina alianza kuchambua. Alikosea. Mama alichukua jani kutoka fungu la njano, akalirudisha kwenye kahawia bila kusema. Akafanya hivyo mara kadhaa. Aliuliza habari za Violeth, darasa la ngapi, anafanana na nani. Aliuliza kama Chacha anakunywa pombe. Bernadina alijibu yote. Kisha, akiwa na jani mkononi, alisema lile alilokuja nalo.

"Ulisema msimu mmoja."

Mama hakuacha kuchambua. "Nilisema."

"Sasa?"

"Nilikuwa nimechoka na mashimo, mwanangu. Kila jioni nakaa nasubiri baba yenu atoke chini, mzima au maiti. Huku nilipumua. Nikasema nitarudi mwezi ujao kuwachukua. Mwezi ukiisha nasema huu mwingine. Baadaye nikaona aibu. Aibu nayo inakua." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Sina neno zuri la kukupa. Ningekuwa nalo ningempa Mabula akuletee."

Bernadina alitafuta hasira aliyoibeba miaka yote na akaikuta ipo, haijapungua. Lakini haikujua iende wapi kwa kibibi kile chenye magoti mabovu. Alichambua fungu lote lililobaki. Saa tisa na nusu aliinuka, akasema gari litamwacha. Mama alimwambia asubiri viazi vinachemka. Hakusubiri. Alimwachia sweta moja alilolitia mkobani kutoka kwenye belo, la mtoto mkubwa, ambalo mama alilikunjua, akajipimia kifuani, akasema litamtosha.

Tangu hapo Ushetu imeingia kwenye mzunguko wake, kila Jumanne ya pili. Mama humuuliza, "Leo utalala?" Naye hujibu kwamba Fuso linasubiri. Mara nyingine hukaa saa moja, mara nyingine nusu saa, na siku moja alifika mpaka njia panda akarudi mnadani bila kumwona. Maneno makubwa hawajasema tena. Huzungumza habari za mvua, kuni za bani, na dawa ya magoti ambayo Bernadina humletea kutoka Kahama. Jumapili bado anafagia uwanja uliofagiliwa. Chacha anasema hajabadilika hata chembe, ila siku hizi akiulizwa anakokwenda hutaja mahali.

Shule zilipofunga mwezi wa sita alimchukua Violeth. Mtoto alimwamkia bibi yake, akavua viatu, akaketi mkekani kana kwamba alizaliwa pale, na kabla hata ya kupewa maji alikuwa anauliza kwa nini majani mengine yana madoa. Bernadina alibaki amesimama kwenye kivuli cha bani, mkoba begani, akiangalia saa kwenye simu. Kibibi alimweleza mjukuu habari ya madoa yote, ya jua na ya moto. Kisha akamgusa goti.

"Sogea huko kidogo, mayu," alimwambia. "Mama yako apate pa kukaa."

Violeth alisogea. Bernadina aliangalia saa tena, kisha akaketi. Mkoba aliupakata.